Mega za nini? Kutafuta tatizo la kasi ya mtandao na diski kwa kubadili vipimo kwanza

Ukiona kopi ya faili kutoka kwenye seva inakwenda kwa 11.2 MB kwa sekunde, dakika ya kwanza 11.2, dakika ya kumi 11.2, usiguse diski. Usiongeze RAM, usianze kusaka virusi, wala usimwambie mwenye ofisi kwamba seva imezeeka. Namba hiyo imeshakwambia tatizo liko wapi, na haliko kwenye diski.

Ninaandika haya kwa sababu nimeona fedha za watu zikitoka bure. Kuna ofisi moja ya uwakala wa forodha Dar es Salaam niliitwa kuangalia kompyuta ya mhasibu, mama mtu mzima anayeweka kila karatasi mahali pake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Ila nikwambie mapema: diski imeshabadilishwa mara mbili, na mashine iko vilevile."

Alikuwa na risiti zote mbili ndani ya bahasha. Nikakopi faili moja kubwa kutoka kwenye seva, nikatazama namba, nikainama chini ya meza. Mguu wa kabati la mafaili ulikuwa umekalia kebo ya mtandao. Nilibadilisha kipande cha mita tatu. Gigabaiti 40 za nyaraka zilizoskaniwa, ambazo zilikuwa zikimla saa nzima, zikaisha kwa dakika sita na kidogo. Waliobadilisha diski hawakuwa wavivu, ila hawakuisoma namba.

Maswali matatu kabla ya bisibisi

Mazungumzo yetu ya kila siku yanaficha kipimo. "Hapo una mega ngapi?" "Ishirini." Aliyeuliza ameridhika na aliyejibu ameridhika, na hakuna kilichosemwa. Mega ishirini za biti na mega ishirini za baiti zimepishana mara nane. Kwa hiyo swali la kwanza ni hilo: mega za nini? Watu wa mtandao tangu zamani wanahesabu biti, kwa kuwa laini husafirisha biti baada ya biti. Watu wa diski wanahesabu baiti, kwa kuwa diski hutunza data kwa mafungu, na fungu dogo la kawaida ni baiti moja yenye biti 8. Kwenye maandishi b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti: Mbps ni megabiti kwa sekunde, MB/s ni megabaiti kwa sekunde. Ila kwenye vipeperushi vya mauzo usiitegemee herufi hiyo, maana wachapaji wengi hawaitofautishi. Tazama ni kifaa gani kinachozungumziwa, kisha amua mwenyewe.

Swali la pili: ni elfu au ni 1,024? Kwenye kasi za laini za mawasiliano kilo ni 1,000 na mega ni 1,000,000. Watengenezaji wa diski nao wanahesabu kwa 1,000. Windows inahesabu kwa 1,024 lakini inaandika MB ileile, na hapo ndipo watu wanapogombana. Mwaka 1999 shirika la viwango la IEC lilitoa majina ya pekee kwa vipimo vya 1,024: kibi, mebi, gibi, yaani KiB, MiB, GiB. Programu nyingi za Linux zinayatumia, Windows haijayachukua, na macOS tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009 inahesabu kwa 1,000. Pengo ni asilimia 2.4 kwenye kilo, 4.9 kwenye mega, 7.4 kwenye giga na karibu 10 kwenye tera. Programu mbili zikipima kazi moja na zikapishana kwa asilimia 4.9, hakuna tatizo la kutafuta. Zote zinasema kweli.

Swali la tatu ndilo wengi hawaliulizi: namba hii ni ya waya au ya mzigo? Anayenunua mahindi anajua kutoa uzito wa gunia tupu kabla ya kulipa. Data nayo husafiri ndani ya gunia: anwani ya inakotoka na inakokwenda, biti za kuanza na kumaliza, biti za kulinda usahihi. Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni cha gunia na mahindi pamoja. Kinachoonekana kwenye skrini yako ni mahindi peke yake.

Dalili: umelipia 20, unaona 2.3

Hii ni nyepesi, tuipite haraka. Laini ya Mbps 20 ni biti 20,000,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate baiti 2,500,000. Toa gunia, karibu asilimia 5, ibaki 2,370,000. Ukizisoma kwa mega ya Windows ni 2.26. Ukiona 2.2 au 2.3 umepata ulicholipia. Ukiona 1.4 hata usiku wa manane, hapo una haki ya kulalamika, na ulalamike kwa kipimo cha mtoa huduma: 1.4 zidisha 1.049 (kutoka mega ya Windows kwenda mega ya elfu), zidisha 8, ni Mbps 11.7. Ukimpigia na kumwambia "napata moja na nusu" atadhani unazungumzia lugha yake, na mtazunguka kwenye simu mpaka salio liishe.

Dalili: 11.2, imeganda

Turudi kwa mama mhasibu. Ethaneti ndiyo mtandao wa kebo wa ofisini, na data hupita humo kwa mafungu yaitwayo fremu. Fremu moja ya kawaida inachukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, ukihesabu na pengo la kimya kati ya fremu na fremu. Ndani yake data ya faili ni baiti 1,460 kwa wingi. Gawanya, upate 0.949. Sasa chukua Mbps 100: baiti 12,500,000 kwa sekunde mara 0.949 ni 11,860,000 na kitu. Gawanya kwa 1,048,576, ambayo ndiyo mega ya Windows, upate 11.3. Toa kidogo kwa maneno ya itifaki ya kushirikisha mafaili, umefika 11.2. Kwa hiyo hiyo si kasi ya diski dhaifu. Ni laini ya Mbps 100 iliyojaa mpaka pomoni, inafanya kazi yake vizuri kabisa. Diski inayougua haitulii kwenye namba moja. Inapanda, inashuka, inasimama. Namba isiyotikisika ni alama ya kikomo cha laini.

Swali linalobaki ni kwa nini iko kwenye 100 wakati kadi ya mtandao na swichi (kifaa kinachounganisha kebo za ofisi) zote ni za gigabiti. Jibu mara nyingi liko kwenye waya nne ambazo mfumo wa zamani haukuzihitaji. Kebo ya mtandao ina waya nane katika jozi nne. Ethaneti ya 100 iliyosambaa kuanzia mwaka 1995 inatumia jozi mbili tu, pini 1 na 2, na pini 3 na 6: ya chungwa na ya kijani kwenye mpangilio tunaotumia wengi. Gigabiti ya waya wa shaba, iliyowekewa kiwango mwaka 1999, inatumia jozi zote nne, kila jozi ikibeba Mbps 250 kwenda na kurudi kwa pamoja. Jozi ya bluu au ya kahawia ikikatika, gigabiti haiwezekani, lakini 100 inapita kana kwamba hakuna kilichotokea. Kadi nyingi zinalitambua hilo na kushuka zenyewe kimyakimya. Nyingine hushindwa kuunganika kabisa, na kusema kweli hizo ndizo zinazorahisisha kazi, kwa sababu tatizo linaonekana papo hapo.

Pale chini ya meza nilichomeka kipima kebo upande huu na upande ule. Taa zikaanza kuwaka kwa zamu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, halafu ya nane ikabaki giza. Nikairudia mara tatu, nane haikuwaka. Nilipochuna ganda mahali palipokanyagwa, waya wa kahawia ulikuwa umekatika, ncha mbili zikitazamana kwa umbali wa punje ya mchele.

Kebo ikiwa nzima, tafuta haya. Kwanza, swichi ndogo ya zamani ya 10/100 iliyofichwa nyuma ya printa. Pili, simu ya mezani ya ofisini inayopitisha mtandao kwenda kwenye kompyuta: nyingi za zamani zina tundu la 100 tu, na kompyuta iliyochomekwa nyuma yake haitazidi 11.2 hata ufanye nini. Tatu, majengo ya zamani ambako fundi alizigawa waya nane mara mbili ili kebo moja ihudumie mashine mbili, au jozi ya bluu akaipeleka kwenye simu. Kwenye Linux amri ya ethtool itakuonyesha kasi iliyokubaliwa, na kwenye Windows ukurasa wa hali ya mtandao utaonyesha 100 mahali pa 1.0 Gbps. Chukua sekunde kumi kutazama hapo kabla ya kufungua boksi la mashine.

Ukizijua namba za jamaa hii huhitaji kikokotoo tena. Inayoganda kwenye 1.1 ni laini ya Mbps 10. Inayoganda kwenye 11.2 ni 100. Inayoganda kwenye 112 au 113 ni gigabiti iliyojaa, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Dalili: inakimbia, inakufa, inafufuka

Ping, ule ujumbe mfupi wa kujaribu kama mashine ya pili ipo, inajibu vizuri, barua pepe zinafika, lakini faili kubwa linatembea kwa megabaiti chache, linasimama, linaanza tena. Kwenye vifaa vya zamani vya 10/100 mshukiwa wangu wa kwanza ni dupleksi zisizolingana. Upande mmoja umewekwa kwa mkono kwenye 100 na dupleksi kamili, yaani kusema na kusikiliza kwa pamoja. Upande wa pili umeachwa ujitambue. Unaojitambua unaweza kuijua kasi kwa kusikiliza waya, ila hauwezi kuijua dupleksi bila mwenzake kuitangaza, hivyo unachukua nusu dupleksi, kusema kwa zamu. Sasa mmoja anasema wakati wowote, mwingine akisikia sauti anadhani pametokea mgongano na ananyamaza. Pakiti (vifurushi vya data) ndogondogo kama za ping zinapita katikati ya vurugu. Mzigo mkubwa haupiti. Fungua takwimu za swichi: upande wa nusu utaona migongano iliyochelewa, upande wa kamili utaona makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika. Dawa ni kuachia pande zote mbili zijitambue, au kuziweka zote kwa mkono sawasawa. Usiweke moja.

Dalili: umeongeza laini, faili moja haijaongeza mwendo

Hapa kuna historia yetu wenyewe. Kabla kebo ya SEACOM haijaanza kazi Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, intaneti ya pwani hii ya Afrika Mashariki ilikwenda nje kwa setilaiti. Uwezo uliuzwa kwa vipimo vya simu: kilobiti 64, E1, na wakubwa STM-1, laini pana kuliko hizo. Vipimo hivyo bado vimo kwenye mikataba ya zamani na kwenye rauta ambazo hazijazimwa, kwa hiyo ni vizuri kuvielewa kwa undani.

Mzizi wa yote ni sauti ya mtu. Simu ya kidijitali inapima sauti mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000. E1 ni vyumba 32 vya namna hiyo: 2,048,000. Namba 2,048 inawadanganya wengi kwa sababu inafanana na mbili mara 1,024, basi wanagawa na kuandika "mega 2 kamili". Siyo. Ni 2,048 ya kilo za elfu. Pia chumba cha kwanza kinatumika kuoanisha saa za pande mbili, kwa hiyo kwa data vinabaki 31, biti 1,984,000, ambazo ni baiti 248,000. Ukitoa gunia la pakiti, faili litakwenda kwa KB 234 hivi za Windows. Mtu akikuletea malalamiko kwamba "E1 yangu inatoa 234 tu wakati nililipia 256", mwonyeshe hesabu hii kwenye karatasi: 256 yake ni 2,048 kugawa kwa 8, kabla ya kutoa chochote.

Marekani walichagua vyumba 24 na biti 8,000 za kuoanisha, wakapata T1 ya 1,544,000. Rauta iliyonunuliwa kutoka huko na kuachwa kwenye mpangilio wa T1 haitaungana na laini ya E1 hata kidogo. Huoni mwendo wa polepole, unaona taa nyekundu. Usiende kubadilisha kebo kabla hujatazama mpangilio huo.

Tatizo lililoumiza watu zaidi ni jingine. Ofisi ina E1 ya setilaiti, upakuaji wa faili moja haupiti KB 107. Wanaongeza E1 ya pili, gharama inapanda mara mbili, namba ni ileile, 107. Kosa si la laini. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Data ikipanda na kushuka, na jibu likipanda na kushuka, ni zaidi ya kilomita 143,000, karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga, na ukiongeza vifaa vya njiani inafika 0.6. Mfumo wa zamani wa TCP, kanuni za kutuma data na kusubiri jibu, ulituma baiti 65,535 kwa wingi, kiasi kinachoitwa dirisha, kisha ukasubiri jibu. Gawanya 65,535 kwa 0.6: baiti 109,000 kwa sekunde, sawa na Mbps 0.87. Hicho ndicho kikomo cha faili moja, hata laini iwe pana kama barabara ya mwendokasi. Windows 2000 na XP zilikuwa na hali mbaya zaidi: kwenye Ethaneti ya 100 dirisha lao la kawaida lilikuwa baiti 17,520, na 17,520 kwa 0.6 ni 29,200 tu.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Anzisha upakuaji wa kwanza, subiri utulie, anzisha wa pili. Wa kwanza ukipungua, laini imejaa. Wa kwanza usipotikisika na wa pili nao ukafika palepale, kikomo kiko kwenye dirisha la TCP, na fedha ya laini mpya itatupwa. Dawa imekuwapo tangu 1992, ni kuruhusu dirisha kupanuka, na Windows kuanzia Vista inalipanua yenyewe. Mashine za XP ambazo bado zinaendesha mizani au mitambo ya kiwandani kupitia setilaiti zinahitaji kuwekewa kwa mkono.

Dalili: 9600 inatoa 960

Waya wa console wa swichi (wa kuisimamia moja kwa moja), UPS, mizani ya mezani, printa ya risiti: vyote bado vinazungumza kwa mtindo wa modemu. Mtu anagawa 9,600 kwa 8 na kutegemea baiti 1,200. Anapata 960. Kila baiti kwenye waya huu ina biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza, jumla 10, basi hapa gawanya kwa 10. (Modemu zenye V.42, kanuni ya kusahihisha makosa, ziliziondoa biti hizo mbili njiani, ndiyo maana modemu ya 28,800 iliweza kupitisha zaidi ya baiti 2,880.)

Na tafadhali usiite 9,600 hiyo "baud" unapozungumzia modemu. Baud ni idadi ya mabadiliko ya ishara kwa sekunde, na badiliko moja laweza kubeba biti kadhaa. Modemu ya 14,400 ya V.32bis inabadilika mara 2,400 tu, kila badiliko biti 6. Kwenye waya wa console mambo hayo mawili yanalingana, ndiyo maana mazoea yalishika.

Hesabu hii ina uzito wake siku swichi ikipoteza programu yake. Faili la megabaiti 4 ni baiti 4,194,304. Kwa 9,600 ni sekunde 4,369, zaidi ya dakika 72, na Xmodem, itifaki ya kutuma faili kwenye waya huo, inaongeza baiti 4 kwa kila 128 pamoja na kusubiri jibu, kwa hiyo panga saa moja na robo au zaidi. Nilimwachia kijana kazi hiyo bila kumwambia hesabu, na hilo ni kosa langu. Dakika ya arobaini akaamini imeganda, akachomoa. Tukaanza upya. Badilisha kasi ya console iwe 115,200 kwanza, pande zote mbili, kazi ileile iishe kwa dakika sita au saba.

Dalili: diski haifiki ilipoandikwa

SATA, njia ya kuunganisha diski na mashine, ya Gbps 1.5 haitoi MB 187. Inatoa 150, kwa sababu kila biti 8 za data husafirishwa kama 10, na huko ndiko kunaitwa usimbaji. Gawanya kwa 10: ya 3 ni 300, ya 6 ni 600. Fibre Channel, njia ya diski za seva kubwa, ya 4 na ya 8 ni vivyo hivyo, 400 na 800, lakini kuanzia ya 16 usimbaji umebadilika na kupunguza biti za ziada. Ethaneti ya gigabiti ni kinyume: jina lake limeshatoa usimbaji, kwenye nyuzi za mwanga waya unakimbia 1.25 ili wewe upate 1 kamili. Kwa hiyo hakuna kigawanyo kimoja cha kubeba mfukoni. Uliza jina hilo ni la gunia au la mahindi.

Mashine za zamani za IDE, njia ya diski iliyotangulia SATA, zina ugonjwa wao. Diski iliyoandikwa Ultra ATA 100 inakwama kwenye 33: kebo ni ya waya 40, tafuta ya waya 80. Diski inakwenda kwa megabaiti chache na kichakataji kimejaa: Windows XP ilipata makosa kadhaa ya kusoma ikaishusha ngazi kwa ngazi mpaka PIO, njia ya polepole ambayo kichakataji husogeza data chenyewe. Ingia kwenye orodha ya vifaa, chaneli ya IDE, utaona neno PIO mahali pa Ultra DMA. Badilisha kebo kwanza, ndipo uiondoe chaneli hiyo na kuwasha upya ili itambuliwe tena. Ukianza na la pili, makosa yatairudisha chini.

USB inayotoa karibu MB 1 ni ya Mbps 12. Inaweza kuwa tundu la zamani, habu ya zamani, au kifaa kilichoandikwa USB 2.0 na chini yake Full Speed: kwa lugha ya USB, Full Speed ndiyo hiyo 12, na 480 inaitwa High Speed. Jina hilo limewaponza wengi. USB ya 480 yenyewe haizidi baiti milioni 53 kwa sekunde hata kwa hesabu ya karatasi, na mkononi ni 30 hadi 40. Diski ya nje ikiganda kwenye 35, toa waya kwenye tundu la USB 2.0 uweke kwenye la 3.0.

CD: 1x ni baiti 153,600, na 52x ni kasi ya ukingo wa nje peke yake. Ndani inaanza chini ya nusu.

Tepu za nakala za akiba ndipo mtandao na diski vinapokutana. Tepu ya LTO-4 imeandikwa 240 kwenye boksi, lakini hiyo ni kwa data inayobanika kwa nusu. Kasi yake halisi ni 120, na picha za JPEG zilizobanwa tayari hazitavuka hapo. Sasa kumbuka gigabiti: baiti milioni 118 hivi. Seva ikiwa upande wa pili wa mtandao, laini inafikia tepu kwa shida. Ikiwa laini imeshuka kwenye 100, tepu inapata 11.8, inaishiwa data, inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, mchana kutwa. Ukisikia tepu inavuta na kurudi bila kupumzika, usiite fundi wa tepu. Tazama taa ya swichi. Kila kurudi huko kunakwangua ukanda na kichwa cha kusomea, na nakala yako ya akiba ndiyo inayochakaa.

Namba isiyofanana na kikomo chochote

Umebadili vipimo, umetoa gunia, na namba haikaribii chochote kilichotajwa hapa. Inacheza kati ya 0 na 40, na mara kwa mara inasimama sekunde kadhaa. Sasa ndiyo uishuku diski. Soma ripoti yake ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia: hesabu ya sekta zilizohamishwa na zinazosubiri. Ikiwa namba hizo zinaongezeka, acha kupima kasi, kwa sababu kila kipimo kinaichosha. Nakili unachoweza kwa ddrescue, programu ya kuokoa data inayoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni. Faili lake la kumbukumbu liweke kwenye diski nyingine, maana umeme ukikatika ndilo litakalokuwezesha kuendelea ulipoishia.